Jibu: Mkutubi unaenda kufundisha China, beba maswali kuliko slaidi

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, nafasi ya namna hii kwa wakutubi wetu haiji mara nyingi.

Kwa wengine mnaosoma, swali lake kwa kifupi ni hivi: yeye ni mkutubi wa chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, kakaa dawati la marejeo miaka kadhaa, sasa kapata mwaliko wa kwenda Wuhan semista nzima kufundisha kozi ya ujuzi wa taarifa, yaani namna ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, kuyapima na kuyatumia kwa uaminifu. Wanafunzi ni wa digrii ya kwanza na wachache wa masta, lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Wasiwasi wake ni kwamba Kichina hajui hata neno, Google kasikia haifunguki kule sa atafundisha na nini, na kuna mtu kamwambia wanafunzi wa kule hawafungui mdomo, unamaliza lekcha nzima unaongea na ukuta. Alafu anauliza, je inalipa? Hapo hajamaanisha hela tu, anataka kujua atarudi na nini kazini.

Mi nimefundisha kozi ya aina hiyohiyo Wuhan hukohuko kwaiyo nitajibu kwa niliyoyaona, na nitaanza na kitu ambacho hujakiuliza kwa sababu ndo kikubwa kuliko vyote.

Ukienda na slaidi zako za huku, zile za Google Scholar na Research4Life ambazo sisi tunapata bure kwa sababu nchi yetu ina kipato kidogo, utakuta somo ulilobeba halina mteja. Wanafunzi wa kule shida yao siyo kupata makala. Wana CNKI, kanzidata kubwa iliyoanzia Chuo Kikuu cha Tsinghua cha Beijing mwaka 1999, ndani yake kuna majarida ya Kichina, tasnifu za masta na udaktari, magazeti, makabrasha ya mikutano, vitabu vya takwimu vya mwaka, na pembeni yake kuna Wanfang na nyingine wanaita VIP, alafu juu ya hizo chuo chao kimelipia kanzidata za Kiingereza ambazo huku kwetu tunazisikia kwenye semina tu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anapakua makala kumi na tano wakati wewe bado unatafuta waya wa projekta. Sa ukisimama mbele yake kumfundisha kupakua, unampotezea muda na yeye kwa heshima hatakwambia.

Kitu ambacho hajakizoea ni kukaa na swali lake mwenyewe kabla hajafungua kompyuta, na kumgeukia mwandishi akamuuliza wewe umejuaje haya unayosema. Mtoto aliyepita gaokao, ule mtihani wao mkubwa wa Juni wa kuingia chuo, amekaa miaka akijibu maswali yaliyotungwa na mtu mwingine, na sisi tuliopita mikononi mwa NECTA tunaielewa hali hiyo vizuri sana, tena nadhani hapo ndo Mtanzania anaelewana na mwanafunzi wa Kichina haraka kuliko mwalimu aliyetoka Ulaya. Kazi yako kule ni hiyo. Kuuliza na kupima. Mengine yote yajipange nyuma yake.

Sa tuje kwenye Google. Ni kweli, injini yao ya utafutaji iliondoka China bara mwaka 2010, Google Scholar haifunguki, WhatsApp ilifungwa 2017, Wikipedia ya lugha zote imefungwa tangu Aprili 2019, na YouTube usahau. Lakini Bing inafunguka, PubMed, ile kanzidata ya makala za tiba, inafunguka, Baidu, injini ya utafutaji ya Kichina, wana upande wao wa makala za kitaaluma, na kanzidata zote za kulipia zinafunguka ukiwa ndani ya mtandao wa chuo. Kwaiyo kabla hujaondoka, kaa chini na kila zoezi lako ulijaribu bila Google hata mara moja, ukiona linakwama libadilishe hapahapa nyumbani. Video pakua, usitegemee linki. Slaidi zenye fonti za ajabu zigeuze PDF.

Na hili nalisema kwa msisitizo, usimfundishe mwanafunzi darasani kutumia VPN. Wewe ni mgeni wa chuo, utaondoka, yeye anabaki, na sheria za kule kuhusu VPN zisizoruhusiwa zinamhusu yeye. Baadhi ya vyuo vina njia yao halali ya mtandao wa nje kwa ajili ya watafiti, muulize mkutubi mwenyeji, ukiambiwa ipo itumie kwa utaratibu wao, ukiambiwa haipo fundisha kwa kilichopo, na kilichopo kinatosha sana.

Nikwambie zoezi ambalo kwangu lilibeba nusu ya kozi, lichukue kama lilivyo. Nilienda na boksi tupu la dawa ya malaria, ile mseto ya ALu ambayo kila mtu huku kwetu kashaimeza au kamnywesha mtoto. Nikaliweka mezani, nikawaambia hii dawa mnaikuta zahanati yoyote Tanzania, na mzizi wake uko China, nataka mnitafutie njia yote kutoka hili boksi mpaka mahali palipoandikwa kwanza. Wengi wakacheka kidogo wakijua ni rahisi, kwa sababu Tu Youyou kule wanamjua mpaka watoto wa shule, mama aliyepata Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa ajili ya artemisinin, dawa ya malaria inayotoka kwenye mmea wanaouita qinghao. Wakaingia CNKI, wakaandika jina lake, wakaweka mwaka 1977 maana wameshasoma mahali kwamba matokeo ya kwanza yalichapwa mwaka huo. Hakuna kitu.

Hapo darasa likaanza kuchangamka. Makala ile ipo, ilitoka kwenye jarida la Kexue Tongbao, lakini mwandishi wake ni kikundi cha ushirikiano cha utafiti, hakuna jina la mtu hata mmoja. Kazi yenyewe ilikuwa ndani ya mradi wa kijeshi ulioitwa 523 kwa sababu ulianza tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita ya Vietnam askari walipokuwa wanakufa kwa malaria sugu, na enzi zile za Mapinduzi ya Utamaduni mtu hakuweka jina lake mbele. Sa mwanafunzi anayetafuta kwa jina la mwandishi peke yake hafiki, lazima arudi nyuma ajiulize nani alikuwa na sababu ya kuandika, aliandikia wapi, na mmea wenyewe uliitwaje wakati huo. Ukiandika artemisinin unapata rundo moja, ukiandika qinghaosu, jina lake la Kichina, unapata jingine, ukiandika jina la kisayansi la mmea, Artemisia annua, unapata la tatu, na mwanafunzi aliyejaribu moja tu akaridhika anaondoka na theluthi ya habari huku akiamini amemaliza.

Alafu linakuja lile ambalo mi kama mkutubi nalipenda kuliko yote. Kikundi cha Tu Youyou kilianza kwa kupekua maandiko. Walipitia dawa za kienyeji zaidi ya 2,000, wakachambua 640 zilizoonekana kuwa na dalili ya kufanya kazi, na walipoujaribu mmea wa qinghao matokeo yakawa leo mazuri kesho mabaya. Akarudi kwenye vitabu. Kwenye kitabu cha tiba za dharura cha Ge Hong, cha karne ya nne, akakuta maelekezo kwamba uuloweke mmea kwenye maji, uukamue, unywe juisi yake. Hakuna kuchemsha. Akajiuliza kama moto ndo unaoharibu dawa, akabadilisha njia akatumia etha ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote kwenye panya wa maabara. Yaani mstari mmoja uliokaa kwenye kitabu miaka 1,600, ukasomwa na mtu aliyekuwa na swali mkononi. Wenzake wengi walikuwa nacho kitabu hichohicho.

Niliwaambia wanafunzi kwetu Tanzania mama anapompa mtoto kidonge hiki, ndani yake kuna kazi ya mtu aliyerudi maktaba. Kuna binti mmoja wa uhandisi wa majengo, mkimya kweli, baada ya kipindi akaja mpaka mezani akalichukua boksi akaligeuzageuza, akasoma maelezo ya Kiswahili kwa herufi bila kuelewa, akaniuliza watoto wa umri gani wanakunywa hii, na kwa siku ngapi. Wiki iliyofuata alileta swali la utafiti la kwake mwenyewe, la nyufa za zege kwenye madaraja ya kwao, na lilikuwa swali kweli, lina mwanzo na mwisho, mtu anaweza kulipima.

Kuhusu ukimya. Usiuchukulie vibaya, na usiwalazimishe. Ukimnyooshea kidole mtu mmoja mbele ya wenzake hamsini unamweka mahali pagumu, akikosea anaaibika yeye na kwa namna fulani anahisi amekuaibisha na wewe. Kule mwalimu ana uzito wake, watakuita Laoshi, yaani mwalimu, hata ukikutana nao kwenye foleni ya chakula, na watoto wengi wamelelewa kwamba ukiwa darasani unasikiliza kwanza. Ila simu wanazo na simu ndo mdomo wao. Kuna programu inaitwa Yuketang, ilitengenezwa Tsinghua na ilianza 2016, unaunganisha na slaidi zako, mwanafunzi anaskani msimbo kwa WeChat, ile programu ya meseji wanayotumia kule badala ya WhatsApp, na ukifungua sehemu ya maoni basi wanachoandika kinapita juu ya skrini laivu. Siku ya kwanza nilipoifungua nikauliza mnadhani nani anaweza kuamini makala isiyo na jina la mwandishi, chumba kimya kabisa, shingo zote chini, na skrini ikajaa maandishi mpaka slaidi haionekani, wanabishana wenyewe kwa wenyewe kwa Kichina na Kiingereza, mmoja anasema serikali, mwingine anasema inategemea jarida, mwingine anauliza kwani jina linathibitisha nini. Mi nikawa nachagua moja moja nasoma kwa sauti na kulijibu, na mjadala ukaenda mpaka kengele. Kwaiyo hao watu siyo ukuta hata kidogo.

Mtu wa kwanza kumjua kila darasa ni kiongozi wa darasa, wanamwita banzhang. Huyo ndo anafungua grupu la WeChat au QQ, programu nyingine ya meseji, ndo anakwambia chumba kimebadilishwa, ndo anajua nani anaumwa. Mpe heshima yake. Na acha mlango wazi wa meseji binafsi, jioni utapata maswali mazuri kuliko uliyoyasubiri mchana, weka tu muda maalum wa kujibu la sivyo hulali. Na ujue kuna masomo ya Jumamosi au Jumapili ya kufidia sikukuu, hasa ile ya tarehe 1 Oktoba, ratiba inatangazwa na serikali na siyo chuo, na mwaka wa kwanza wanachelewa kuanza Septemba kwa sababu ya mafunzo ya kijeshi, utawaona uwanjani na magwanda.

Kichina. Ungejua kidogo ingekuwa vizuri, ila usiache kwenda kwa ajili hiyo. Kwa kazi yako jifunze pinyin kwanza, yaani yale maandishi ya herufi za kwetu, maana ndo utaandikia kwenye kompyuta na ndo utasomea majina ya wanafunzi. Na hapo kwenye majina ndo mkutubi ana kazi ya kufanya. Majina ya ukoo mia moja ya kwanza yanabeba karibu asilimia 85 ya Wachina wote, Wang, Li na Zhang peke yao ni zaidi ya asilimia 20. Mwanafunzi wako akichapisha makala nje kama Wang L. basi kapotea baharini, wako maelfu wenye jina hilo. Mfundishe kufungua ORCID, namba ya pekee ya kumtambulisha mtafiti, siku hiyohiyo ukiwa naye, mfundishe kuchagua namna moja ya kuandika jina lake na kubaki nayo. Vilevile marejeo yao yana kiwango cha kitaifa, GB/T 7714, toleo nililolifundishia mi ni la 2015, utaona kila chanzo kina herufi kwenye mabano ya mraba, M ni kitabu, J ni jarida, D ni tasnifu, N ni gazeti. Ukisahihisha kwa APA tu, ule mtindo wa marejeo wa Kimarekani, bila kujua hicho utawakata maksi kwa kitu walichofanya sawasawa.

Rafu nazo zina mpangilio wake, siyo Dewey wala Library of Congress. Ni mfumo wao wa kitaifa uliotoka 1975, madaraja 22 kwa herufi, A ni Umaksi, Ulenini na fikra za Mao, I ni fasihi, R ni tiba, TP ni kompyuta na mitambo ya kujiendesha. Wiki ya kwanza tembea rafu zote ghorofa kwa ghorofa, hata kama huwezi kusoma migongo ya vitabu, kwa herufi hizo utajua uko wapi, na wanafunzi wakikuona unajua namba za maktaba yao wanakuheshimu namna nyingine.

Kuna jambo la uaminifu kwenye kuandika ambalo litakupa kazi. Kule tasnifu yoyote inapitishwa kwenye mashine ya kupima mfanano, na kila chuo kina asilimia yake ya mwisho. Mwaka 2019 mwigizaji maarufu Zhai Tianlin alinyang'anywa udaktari wake na chuo cha filamu cha Beijing, chanzo chake ni kwamba aliulizwa na mashabiki akiwa laivu akajibu kwa kuuliza CNKI ni nini, watu wakashangaa daktari gani asiyejua CNKI, wakaanza kupekua maandishi yake. Tangu hapo vyuo vikabana kweli. Matokeo yake mwanafunzi anaiogopa asilimia kuliko anavyoogopa kuiba wazo la mtu, anabadilisha maneno mpaka mashine iseme sawa na anaona amekuwa mwaminifu. Usiende na hotuba ya maadili. Chukua aya moja, ivunjeni pamoja darasani, hii sentensi wazo lake limetoka kwa nani, na hii, na hii, mpaka waone kwa macho ni wapi mwandishi anasema la kwake na wapi anasema la mwenzake. Wanaelewa haraka sana.

Na akili bandia, DeepSeek na wenzake, wanazitumia wote usijidanganye. Mi zoezi langu lilikuwa hivi, nawapa orodha ya marejeo iliyotungwa na mashine na wao wayathibitishe moja moja CNKI na PubMed. Mengine jarida lipo, mwaka upo, kurasa zipo, makala haipo duniani. Ukiwaacha wagundue wenyewe hawasahau. Hii siyo hadithi ya kuwatisha, mwaka 2023 kampuni ya Hindawi inayochapisha majarida ilifuta makala zaidi ya 8,000, nyingi zina waandishi wa China, na wizara yao ikaagiza vyuo vijikague, kwaiyo wanafunzi wa masta hasa wanajua kwamba jina la mtu linaweza kuharibika kwa sababu hiyo. Wao wanataka msaada, ukiwapa mbinu wanashukuru.

Sa inalipa? Kitaaluma kabisa. Kwanza Wuhan ndo nyumbani kwa fani yetu kule. Mmarekani Mary Elizabeth Wood alifungua maktaba ya Boone hapo mwaka 1910, na 1920 yeye na Shen Zurong, Mchina wa kwanza kwenda kusomea ukutubi Marekani, wakaanzisha shule ya kwanza ya ukutubi nchini humo. Shule hiyo mwaka 1953 ikaingizwa Chuo Kikuu cha Wuhan na mpaka leo kitivo chao cha usimamizi wa taarifa kinajihesabu kimetoka hapo. Omba miadi ukawatembelee, mji una vyuo zaidi ya 80, utapata wakutubi wa kuongea nao mpaka uchoke.

Lakini kikubwa nataka ukakiangalie kwa makini ni hiki. Tangu mwaka 1984 Wizara ya Elimu ya China ilitoa waraka ukivitaka vyuo vianzishe kozi ya kutafuta na kutumia maandiko. Kozi, ina vipindi, ina mtihani, mara nyingi mkutubi ndo anaifundisha. Huku kwetu vyuo vingi mkutubi anapewa saa moja wiki ya kupokea wanafunzi wapya, ukumbi umejaa watu mia tano wenye usingizi, kipaza sauti kinakwaruza, alafu mwaka wa tatu tunalalamika wanafunzi hawajui kutafuta. Inaniuma hiyo na nimeisema kila kikao. Tuna majengo sasa, ile maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018 inakalisha watu 2,100 na ina nafasi ya vitabu 800,000. Jengo limekuja, kozi haikuja nalo, hiyo hatuletewi na mtu. Ukiwa kule omba silabasi zao, omba mitihani iliyopita, angalia wanavyogawa maksi, uliza mkutubi anayefundisha anapunguziwa kazi gani nyingine. Rudi na hizo karatasi. Mkuu wa chuo akitaka kujua kama jambo linawezekana unamwekea mezani.

Na ingia CNKI ukiwa huko uchimbe, maana tangu Aprili 2023 baadhi ya sehemu zake, zikiwemo tasnifu, watu wengi wa nje hawazipati tena. Kuna tasnifu za Kichina kuhusu Afrika Mashariki ambazo sisi wenyewe hatujawahi kuziona. Hata wao bei ya CNKI imewahi kuwatoa jasho, Desemba 2022 serikali yao iliipiga faini ya yuan milioni 87.6 kwa kuhodhi soko, sa ukisikia wakutubi wa kule wanalalamika bei ya kanzidata kaa nao karibu, hapo mna mazungumzo marefu.

Maisha ya kawaida nitaenda haraka. Baridi ya Wuhan ni ya ndani ya nyumba, mji uko kusini ya ule mstari ambao serikali inaweka mabomba ya kupasha joto, kwaiyo Januari unakaa ofisini na koti. Kiangazi ni joto la Dar bila upepo wa bahari. Ndo sababu moja maktaba inajaa, ina kiyoyozi. Sababu nyingine ni mtihani wa kuingia masta, unafanyika mwishoni mwa Desemba, ule wa kuingia 2023 walijiandikisha watu milioni 4.74. Pita nje ya maktaba saa moja kasoro asubuhi mwezi wa kumi na moja, utawaona wamejipanga, chupa ya maji ya moto mkono mmoja, kitabu mkono mwingine, wanakariri msamiati wa Kiingereza kwa sauti huku mvuke unawatoka mdomoni, mlango ukifunguliwa wanapanda ngazi mbio. Viti vinawekewa nafasi kwa simu. Usipange kipindi cha nyongeza mwezi huo, hawatakuwa na wewe. Na saa sita mpaka saa nane mchana watu wanalala, hata ofisini, usipige simu.

Chakula hutapata shida, asubuhi kuna tambi za ufuta wanaita reganmian utazizoea, na kama wewe ni Muislamu kampasi nyingi zina kantini ya halali, pia nje kuna vibanda vya tambi za Lanzhou vya Waislamu wa huko kaskazini magharibi. Nyumbani wasajilie WeChat kabla hujapanda ndege, maana kuifungua kunahitaji mtu anayeitumia tayari akuthibitishe, na ukiiacha mpaka ufike utakaa siku hujaongea na watoto. Saa zinatofautiana tano, ukitoka kipindi cha jioni huku bado ni mchana.

Mwisho makaratasi, hapa nisikilize vizuri. Semista ni wiki 16 mpaka 18 kwaiyo unahitaji visa ya Z ya kazi, alafu ukifika unasajiliwa polisi ndani ya saa 24, na ndani ya siku 30 unaomba kibali cha ukaazi. Mtu akikwambia njoo na visa ya biashara au ya masomo tutarekebisha hukohuko, kataa, anayefukuzwa nchini ni wewe na siyo yeye. Hakikisha barua yako inakuita mwalimu wa fani, siyo mwalimu wa Kiingereza, kwa sababu kibali cha kufundisha lugha wanampa mtu ambaye lugha hiyo ni ya kuzaliwa na utakwamia hapo. Cheti cha digrii na kile cha polisi cha tabia njema vinataka kuthibitishwa, China imeingia mkataba wa apostille, ule wa nchi kutambuana vyeti bila kupitia ubalozi, Novemba 2023 ila kama nchi yako haimo bado unapitia wizara ya mambo ya nje alafu ubalozi wao, na hiyo inakula wiki nyingi, anza mwezi huu. Kabla ya kusaini angalia vipindi kwa wiki ni vingapi, nyumba inalipiwa na nani, bima ya afya ipo, na akaunti yako ya kanzidata za chuo inafunguliwa siku gani, maana nimeona mwalimu mgeni anakaa mwezi mzima bila akaunti na yeye ndo anafundisha kutafuta. Hilo la akaunti waambie waliandike kwenye mkataba. Silabasi wakikutumia niletee niipitie, na boksi la ALu tafuta lenye maelezo ya Kiswahili yanayosomeka.